Jiwe Lililotoboa Bati

Nilifunga jiwe kubwa la kunolea kwenye grenda ndogo ya mama, mashine inayolizungusha, na ili lienee nikang'oa kikinga chake. Naungama, ila siombi radhi: nilikuwa darasa la nne, na hata nyie mngedhani jiwe kubwa linamaliza kunoa mapanga haraka.

Juzi mwalimu wa fizikia alichora duara ubaoni, nikanusa tena chuma kilichoungua kwenye banda letu la Nanyamba. Jiwe liliandikwa mizunguko 6,600 kwa dakika, grenda, 11,000. Leo najua namba ya jiwe ndiyo mwisho wa kasi linayoweza kuhimili. Siku ile niliona tu kwamba grenda imeshinda, kama magoli kwenye mpira.

Nilipowasha, grenda ililia kama mbuzi wa Idi. Jiwe likapasuka, kipande kikapita jirani na sikio la mama na kutoboa bati.

Mzee aliyeleta mapanga ya kufyekea mikorosho akadakia, "Si nilikwambia, Mama Saidi? Kazi hii si ya mwanamke. Funga banda!"

Mama alipangusa vumbi usoni, akanigeukia mimi.

"Banda halifungwi. Kesho utanisomea namba ya jiwe na ya mashine kabla hujagusa swichi. Ukikosea, mapanga ya mzee huyu utayanoa kwa meno."