Picha za Masale ya Mpaka

Asubuhi ile diski ya zamani ilianza kugonga kwa ndani, nikajua inakufa. Humo zilikuwemo picha za baba akipanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka, kwenye kihamba chetu, shamba tulilorithi, mbele ya wazee wa ukoo wa wakati huo. Mjerumani aliyepanga kwetu ndiye aliyezipiga, akatuachia diski hiyo. Sasa baba na mama hawapo, na baba mdogo ameyang'oa masale yale, anadai nusu ya shamba. Ukoo ungekaa Jumamosi. Tungeshindwa, wadogo zangu watatu ningewapeleka wapi?

Nilikuwa nachapa na kudurufu kwenye duka moja mjini Moshi. Shule niliacha kidato cha pili. Lugha ya C, ya kuandikia programu, nilijifunzia kwenye kitabu alichosahau mteja. Niliandika programu ndogo: isome folda, ichukue jina moja moja, inakili kila faili kwenye diski mpya. Kompyuta huipa kila herufi namba; jina likiwa na herufi yenye namba chini ya 32, iliruke, maana niliwahi kusumbuliwa na majina yenye takataka.

Ilimaliza bila kuonyesha kosa. Picha za mpaka hazikuwemo.

"Kompyuta haijalalamika," alisema mama mwenye duka, "wewe unalalamika nini?"

"Imeziruka, mama."

"Basi irudishe kazini kabla hilo lidude halijakata roho."

Nikaisoma programu upya, mstari kwa mstari. Yule Mjerumani aliandika majina ya picha kwa lugha yake, yenye herufi za nukta mbili juu. Kila moja huhifadhiwa kwa baiti mbili, zote zikizidi 127. Mimi nilizisoma kama char, aina ya namba ya C ambayo kwenye mashine yetu haivuki 127, na zinazozidi huzigeuza kuwa hasi. Na hasi ni ndogo kuliko 32. Programu ilinitii.

Nikaondoa sharti lile. Jina lipite kama lilivyo, hata nisipoweza kulisoma. Diski ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Majina yalitokea kwenye skrini yakiwa na alama za kuuliza. Mafaili kumi na moja yakapita. La kumi na mbili likakwama, na diski haikuamka tena.

Nilifungua moja baada ya jingine. Kwenye la saba baba ameinama na mche wa isale mkononi, na nyuma yake, ameshika jembe, amesimama baba mdogo.

Jumamosi nilipanda kwetu Kirua Vunjo, picha ile ya saba nimeichapa na kuiweka kwenye bahasha kifuani.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia baba mdogo.

"Marahaba. Umeleta nini?"

Wazee walikuwa wanatutazama. Nikampa picha yeye kwanza, ajione ameshika jembe kabla wao hawajamwona.