Doa la Celina Chini ya Utomvu wa Mgomba

"Kama hukupewa dawa wala kudungwa sindano, Mama Mwirigi, ulienda kwa daktari kufanya nini?"

Swali hilo Celina Mwendwa aliulizwa na jirani yake Karwirwa, mwezi Machi, aliporudi kutoka zahanati ya kanisa karibu na mji wa Maua. Alikuwa ameketi kwenye foleni tangu asubuhi, akapigwa picha ya kiganja, akaambiwa aende nyumbani. Hata leo bado anatafuta jibu.

Saa moja asubuhi, Celina yuko katikati ya migomba yake. Anachagua jani pana ambalo upepo haujalipasua, analikata, analilaza begani. Haya ndiyo majani wanayoyasubiri wafungaji wa miraa mjini, maana miraa isiyofungwa kwa jani la mgomba hunyauka kabla haijafika Nairobi. Siku njema hupata kama shilingi mia sita. Ni kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa.

Ukimsalimia kwa mkono unaiona kazi yake. Utomvu wa mgomba hutoka kama maji, lakini ukikauka ni mweusi, na ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iishe. Vidole vya Celina vina rangi hiyo.

Ndani ya weusi huo, kiganjani, karibu na kidole gumba cha kulia, ndipo lilipo doa.

"Nilidhani ni utomvu," anasema. "Januari niliugua, nikakaa wiki tatu bila kukata majani. Mkono wote ukatakata. Hilo likabaki."

Pale zahanati alimkuta Naftaly Munyi, tabibu kutoka Embu, ambaye kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huangalia madoa ya ngozi. Hakati wala hadungi. Anabandika lenzi ndogo yenye taa kwenye simu, anadondosha mafuta juu ya doa, anaweka kipimo cha karatasi kando yake, anapiga picha. Baadaye anapiga nyingine na kuzilinganisha. Doa likitulia, linaachwa. Likitambaa, mtu anaandikiwa barua ya hospitali kubwa, likatwe na kupimwa.

Munyi anasema kwa watu weusi, doa baya, yaani la saratani, hupenda kukaa pale ambapo mtu hajitazami: kiganjani, chini ya ukucha, kwenye unyayo.

Celina alisikia neno moja tu, kukatwa. "Nikikosa kidole gumba, kisu nitakishika na nini?" anauliza.

Picha ya kwanza ilionyesha doa la milimita tano. Aliambiwa arudi Juni.

Juni alijiandaa. Alipokuwa msichana, mpiga picha akija sokoni watu walioga, wakajipaka mafuta, hata viatu wakaazima. Picha ni picha. Kwa hiyo siku moja kabla, Celina alichukua ndimu, majivu na lile jiwe la kusugulia miguu, akasugua kiganja mpaka kikawaka moto. Hakutaka daktari aone uchafu.

Picha ikatoka vibaya. Kingo za doa zilikuwa zimechanika, kuna wekundu, na upande mmoja weusi umesambaa hadi milimita nane. Munyi alitazama simu, akatazama mkono, akarudi kwenye simu. Akamwambia kwa upole kwamba doa limebadilika, na akavuta karatasi aandike barua.

Celina alianza kulia. Kisha akasema, "Na vile nimelisugua, daktari, bado tu limekua?"

Munyi aliweka kalamu chini. "Umelisugua na nini, mama?"

Akamweleza yote, mpaka majivu.

"Mama, hii si picha ya kutundika ukutani. Nataka mkono ulivyo."

Lakini sasa hata Munyi hakuweza kutenganisha ugonjwa na ndimu, wala doa na utomvu mpya ulioingia kwenye michubuko asubuhi ile. Barua ikabaki nusu. Celina aliambiwa akae wiki nne bila kukata majani, aoshe mkono kwa maji na sabuni, asiusugue.

Wiki hizo nne, Karwirwa ndiye aliyemkatia majani na kumpelekea mjini. Hakumlipisha, ila alimtania kila siku. "Wewe kaa tu, malkia wa picha. Huyo Mwembu wako atakuoa."

Celina alikuwa akiomba, na hata kuomba kulimchanganya. "Sikujua niombe nini. Liondoke, au likae lisitembee? Kina mama wa kanisa waliniombea nipone. Na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia ninaumwa."

Julai alirudi na mkono wake ulivyo. Munyi aliweka picha zote tatu pamoja. Kingo zilikuwa zimetulia, na kipimo kilisema milimita tano, kama Machi.

"Halijatembea, mama."

"Basi nimepona?"

"Sijasema umepona. Nimesema halijatembea."

"Basi ni mgonjwa?"

"Hilo pia sijasema."

Daktari wa ngozi aliyetumiwa picha hizo alijibu vivyo hivyo: liendelee kuangaliwa. Celina atarudi Oktoba. Amepanga kila mara aache kisu wiki tatu kabla, Mungu akimjalia, na ndimu zibaki za chai.

Hayo yote Celina anamsimulia Karwirwa siku hiyohiyo ya Julai, nyumbani, jirani akiwa ameketi karibu na mlango baada ya kutua mzigo wa mwisho wa majani. Karwirwa anacheka pale penye majivu. Celina anapofika penye kiganja, ukucha na unyayo, kicheko kinaisha.

"Na chini ya mguu pia wanapiga?" anauliza.

Celina anamwambia wanapiga.

Karwirwa anavua kandambili ya kushoto. Anageuza unyayo kwenye mwanga wa mlangoni, anautazama kwa muda mrefu.

"Ni Jumatano ya kwanza," Celina anamwambia. "Na usiusugue."

Karwirwa anavaa kandambili yake, anainuka, anatoka.