Mlima wa Karatasi

Mwezi wa Februari mwaka 1956, Mkurugenzi wa maabara ya katani mjini Thika aliwatangazia wafanyakazi wake wote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwamba tangu sasa cheo cha Msaidizi wa Takwimu kitatolewa kwa kufuata uwezo wa mtu na si kitu kingine chochote. Kwamba mlango uko wazi kwa kila mwenye bidii. Na kwamba mtihani utafanywa Agosti. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo, ambao haukufunguka kwa kuwa ufunguo alikuwa nao Mkurugenzi.

Kaleli wa Muasya alilisoma mara tatu. Alikuwa mpimaji wa nyuzi. Kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kuchomoa uzi mmoja mmoja kutoka mafungu ya katani yaliyoletwa na mashamba ya Ruiru na Juja, kuunyoosha juu ya rula ya mbao na kuandika urefu wake. Mpimaji hupewa kitanda katika chumba cha makapera, awe kapera asiwe. Msaidizi wa Takwimu hupewa nyumba ya vyumba viwili na ruhusa ya kuishi na mkewe. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa na vibali vya kila kitu, na kibali cha Wayua, mkewe Kaleli, kilianza Jumamosi adhuhuri kikafa Jumapili jioni. Binti yao Kanini, aliyebaki na bibi yake Kangundo, alikuwa na miaka minne. Baba yake akifika likizo, mtoto hukimbilia jikoni kutangaza kwamba kuna mgeni.

Kitabu cha takwimu alikirithi pamoja na kitanda. Vyote vilikuwa vya Githinji, mpimaji mwenzake. Miaka miwili nyuma askari waliwapanga wafanyakazi mia nne kwenye uwanja wa mpira, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili akapitishwa mbele yao. Mbele ya Kaleli gunia lilitulia. Mbele ya Githinji liliinamisha kichwa, na askari wakamchukua. Maelezo ya Githinji kwa penseli yalifika ukurasa wa sitini na moja. Kuanzia hapo Kaleli alikuwa peke yake.

Ukurasa wa sitini na mbili ulikuwa na mchoro wa mlima.

"Bwana Bhupendra, hiki kitabu kimekosea," alisema. Bhupendra ndiye aliyekuwa Msaidizi wa Takwimu, na alikuwa anahamia Nairobi mwishoni mwa mwaka. "Kinasema uwezekano wa uzi kuwa na futi tatu ni moja nukta sita. Hata Mungu hapiti moja."

Bhupendra alikuwa akitafuna karanga. "Uwezekano wa futi tatu kamili ni sifuri."

"Sifuri? Jana nimepima kumi na nane!"

"Kamili? Bila kuzidi hata unywele?"

"Kwa rula yangu, kamili."

"Rula yako ina macho mabovu. Leta kioo cha kukuzia, utaona umezidi kidogo au umepungua kidogo. Kimo cha mlima si uwezekano, Kaleli. Ni msongamano. Kinakuambia nyuzi zimebanana wapi, basi. Uwezekano ni eneo la chini ya mlima, kutoka hapa mpaka hapa. Pima kwa inchi badala ya futi, mlima utalala chini na kutanuka. Eneo litabaki lile lile, na lote kwa jumla ni moja."

"Na hii S iliyovutwa kichwa na miguu?"

"Hiyo ndiyo amri ya kulijumlisha eneo. Unalikata vipande vyembamba, vyembamba zaidi, mpaka visiwe na mwisho."

"Visiwe na mwisho," alisema Kaleli, "na mtihani ni Agosti."

Alikesha siku kadhaa na jambo hilo hata mchana. Kila urefu peke yake una uwezekano wa sifuri, lakini kila uzi una urefu wake. Alimfikiria Githinji uwanjani. Alijua kabisa kwamba hapo hesabu ni nyingine, kwa kuwa watu huhesabika, mia nne ni mia nne. Kujua huko hakukumsaidia.

Mwezi wa Julai aliacha kufikiri akafanya alichokijua, yaani kupima. Alichora mlima wa kitabu kwenye jalada gumu la faili, akaukata kwa mkasi, akauweka kwenye mizani ya maabara. Gramu tano. Kisha akakata kipande cha katikati, cha kuanzia inchi thelathini na tatu hadi thelathini na tisa, akabaki na vipande vitatu. Akaviacha dirishani kwenye chumba cha kuoshea katani, akaenda kula. Aliporudi akavipima vyote pamoja. Gramu tano nukta mbili. Uwezekano wa mambo yote duniani ulikuwa umezidi moja, na safari hii hakuwa na kitabu cha kulaumu.

Alivitazama vipande vile kwa muda mrefu. Nje manyunyu ya Julai hayakuwa yamekoma tangu asubuhi. Halafu akajicheka. Hakuna mpimaji asiyejua kwamba katani hunywa unyevu wa hewa, na kwamba haipimwi kabla ya kukaushwa. Karatasi nayo ni nyuzi tu. Akavitia kwenye oveni ya kukaushia. Vilipotoka, vyote vilikuwa gramu nne nukta saba, na kile cha katikati tatu nukta mbili. Akagawanya. Jedwali la kitabu lilisema sitini na nane kwa mia. Na yeye alikuwa na sitini na nane.

"Wazungu wametumia kalamu miaka mia tatu," alisema Bhupendra. "Wewe umetumia oveni."

Jumamosi hiyo alimweleza Wayua yote, hadi unyevu.

"Kwa hiyo Baba Kanini, umesoma miezi yote hii ukagundua uzi wa futi tatu haupo."

"Upo. Ila uwezekano wake ni sifuri."

"Kama wa wewe kuwa nyumbani."

Kaleli alicheka, Wayua hakucheka. Akauliza, "Utapita?"

"Nitapita."

"Nataka kujua kwa sababu ya shamba. Nikihamia huku, vuli sipandi. Mama hawezi kulima peke yake."

"Usipande," alisema Kaleli.

Waliofanya mtihani walikuwa watano. Matokeo yalitoka mwisho wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza Kangundo na shamba la Wayua likiwa limeota magugu. Kaleli alikuwa wa kwanza, alama themanini na nane. Mkurugenzi alimpa mkono, akasema hajawahi kusoma jibu lililoeleza wazi hivyo kwa nini kimo cha mlima kinaweza kuzidi moja, hata kwao Uingereza. Akamtuma kwa Bhupendra ajaziwe fomu.

Bhupendra aliandika jina kwa mwandiko wake mzuri, akaandika umri, akaandika miaka ya utumishi. Halafu kalamu ikasimama.

"Nini?" aliuliza Kaleli.

Bhupendra aliigeuza fomu ili Kaleli asome mwenyewe. Ilikuwa imepigwa chapa Machi mwaka ule ule, mwezi mmoja baada ya tangazo, na ilikuwa na visanduku viwili vya kutia alama: Mzungu, na Mwasia.