Fundi wa Kimanga na mgombea wa asilimia nne

Saa moja asubuhi, jua likitokea upande wa Burundi, cherehani ya Agathe Irambona inanguruma barazani kwake Kimanga, mjini Uvira. Miguuni pake yamerundikana mashati ya kijani ya mgombea anayeongoza mbio za ubunge wa jimbo. Kichwani amevaa kofia ya manjano ya mgombea mwingine, Hyacinthe, mwalimu wa shule ya msingi.

Mpita njia anapunguza mwendo. "Mama Agathe, ungali na ule wa asilimia nne?"

"Nne, na minye ni tano!" anajibu, "minye" ikiwa ndiyo "mimi" ya Uvira, bila kusimamisha kanyagio. Barabara nzima inacheka.

Asilimia hiyo ilitangazwa na redio moja ya mjini baada ya kuwahoji wasikilizaji wake. Tangu hapo wafuasi wa Hyacinthe wamepukutika, wengine wakigeuza kofia zao kuwa vitambaa vya kufutia pikipiki. Agathe, mjane mwenye watoto wanne, hajatikisika.

Wengi hudhani analipa fadhila. Mwaka ziwa linalopakana na mji lilipofurika hadi vyumbani, Hyacinthe ndiye aliyebeba cherehani hiyo kichwani, maji yakimfika kifuani.

"Hapana," anasema Agathe. "Kubeba mashini, jirani yeyote angebeba. Minye namupendea kile alifanya nyuma ya mafuriko. Maji ilipotoka, wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Yeye alirudi na jembe. Kila posho alikuwa na sisi mu mutaro, matope mpaka kwa magoti. Na wakati ule hakukuwa uchaguzi."

Posho, yaani Jumamosi, bado ndiyo siku ya kuzibua mtaro huo.

Msimamo wake ulikaribia kumponza. Mwezi uliopita Patient, wakala wa mgombea anayeongoza, alimletea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mashati mia mbili. Kisha akaiona picha ya Hyacinthe mlangoni.

"Mama, hii picha itoke kwanza."

"Mashati nitashona muzuri, hata mukubwa wako atapendeza. Lakini huu mulango iko wangu."

Patient akabeba majora yake ya kitambaa, akaenda zake.

Agathe hafichi kwamba siku ile alilia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Binti yake, Nicole, alimshauri aishushe picha kwa wiki moja tu.

"Nikamuuliza, na Hyacinthe akipita hapa hiyo wiki, nitamuangalia na macho gani?"

Siku chache baadaye Patient akarudi mwenyewe. Fundi mwingine aliyepewa kazi hiyo alikuwa amekata mikono myembamba kiasi kwamba mtu mzima haingizi mkono. Akashusha majora barazani. Habari ya picha hakuigusa tena.

Leo yupo hapo hapo kwenye benchi, chini ya picha ile, akinywa chai ya Agathe. "Huyu mama angekuwa wetu, tungekuwa tumeshashinda," anasema akicheka.

Siku ya kura, Agathe hatashona. Ameomba kuwa shahidi wa Hyacinthe, wa kumlindia kura zikihesabiwa, katika kituo cha kupigia kura, nafasi ambayo wenzake wameikimbia kwa kuona aibu.

"Natumaini atashinda," anasema, akikata uzi kwa meno. "Lakini nitakaa pale mpaka karatasi ya mwisho isomwe. Hata akipata kura moja tu, minye nitapiga makofi, kila muntu ajue iko yangu."