Bwana Makunyanzi na Taa ya Mchana

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, kusi ilikuwa ikivuma na kuleta harufu ya molasi kutoka kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka barazani kwetu Msambweni. Ni harufu tamu yenye uchachu ndani yake, kama sukari iliyoungua ikamwagiwa maji. Wakubwa walisema inawaumiza kichwa. Mimi niliipenda, kwa sababu ilinikumbusha kwamba kuna mahali pengine ambako watu wengine wanafanya mambo mengine. Nilikula kipande cha muhogo wa jana, nikatoka kama mtu aendaye kisimani, na kisima nikakipita. Sikuwa na mpango wowote. Sikuwa na nguo ya kubadilisha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, na nilichobeba ni wivu mtupu. Nilimwonea wivu Bakari, mtoto wa mjomba wangu, kwa kiasi kwamba sikuweza tena kutia mkono katika sinia moja naye.

Wivu huo uliletwa na Wazungu wa sinema. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na sinema kwetu ilikuwa shuka jeupe lililotundikwa kati ya minazi miwili, pamoja na gari la serikali lenye mashine ya kunguruma. Basi walipofika watu wenye kuipiga sinema yenyewe, wakapiga mahema yao karibu na ufuo, watu waliacha majembe mashambani. Wazungu hao walikuwa na mtu wao mzuri na mtu wao mbaya. Mzuri alikuwa kijana mrefu, nywele zake rangi ya makuti makavu, naye ndiye aliyekuwa nahodha katika hadithi yao. Mwingine alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye masikio makubwa na uso uliokunjamana kama embe lililosahauliwa kapuni. Wanawake walimpa jina la Bwana Makunyanzi, nalo likamshika. Katika hadithi alikuwa karani mlevi wa forodha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule Mzuri alikaa kwenye kiti chake cha turubai akingoja kuitwa, na Bwana Makunyanzi alizunguka mji mzima akitazama jinsi watu wanavyotembea, wanavyokohoa, wanavyokataa bei.

Mimi nilikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kuiga watu. Nilimwiga mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alivyosafisha koo kabla ya kuinua bakora, nikachapwa kwa hilo. Nilimwiga chifu akishuka kwenye baiskeli. Siku moja nikamwiga Bwana Makunyanzi mbele ya akina mama waliokuwa wakikaanga mahamri: magoti yameachana, kidevu mbele, mikono nyuma kama kuku aliyefungwa. Walicheka mpaka mafuta yakasahauliwa. Kisha niliona kwamba macho yao hayanitazami tena mimi, yanatazama nyuma yangu. Niligeuka. Bwana Makunyanzi alikuwa amesimama hapo, ananiiga mimi ninavyomwiga yeye. Nilipoinua mguu, aliuinua. Nilipokunja uso, aliukunja wake, na uso huo ulikuwa na mikunjo mingi zaidi ya kukunja kuliko wangu.

Tangu siku ile akawa ananiita. Mkalimani wao, kijana wa Mombasa aliyevaa viatu hata ufuoni, alitafsiri kivivu maneno ya Bwana Makunyanzi. Alisema kwao Uingereza kuna sanduku linalokaa sebuleni, na ndani yake picha hutembea na kusema, na kazi yake yeye ni humo. Amekuwa askari anayebisha hodi. Amekuwa padri, mchinja nyama, mwizi wa farasi, mganga anayeleta habari mbaya kisha anaondoka, na kila mmoja alituonyesha uso wake. Watu barabarani humsimamisha wakidhani ni jirani yao wa zamani, kwa sababu wanaujua uso wake na hawamjui yeye. Bi Mejumaa, muuza mahamri, akamwuliza kama katika sanduku hilo hajapewa mke hata siku moja. Mkalimani aliuliza, akasikiliza, akajibu: "Anasema alipewa mmoja. Alikufa kabla yeye hajaingia mlangoni." Akina mama walimpa pole, wakampa hamri la bure.

Ikafika siku walipohitaji mtoto wa kwenda mbele ya nahodha akiwa ameshika taa, ampeleke mpaka nyumba ya karani. Bwana Makunyanzi alinishika bega akasema ni mimi. Walinijaribu, nikatembea na taa, na bwana mkubwa wa kamera akatikisa kichwa kukubali. Mkalimani akaenda kwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani, kwao Vanga, mtu asiyependa maneno mengi. Akapelekewa kitambaa cha suti na sukari, akakubali palepale, akanipimia kaptula mpya. Usiku huo nililala nikiwa tayari nimo ndani ya sanduku la Uingereza.

Sasa, anayejua mambo ya Wadigo ameshaliona kosa. Mama yangu ni Mdigo, na kwa Wadigo wa siku zile mtoto ni wa fuko la mamake, yaani ukoo wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Baba wa Vanga hakuwahi kulikubali jambo hilo moyoni, na mkalimani wa Mombasa hakuwahi kulisikia. Mjomba Hamisi aliteremka kutoka upande wa Kwale kwa miguu. Nilimpokea fimbo, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanywa maji yake taratibu, kisha akauliza ni nani aliyeombwa.

"Niliombwa mimi, shemeji," alisema baba. "Mimi ndiye babake."

"Wewe ni babake, sikatai. Lakini mtoto huyu akiua ng'ombe wa watu kesho, wazee watamwita nani?"

Baba aliukunja utepe wake wa kupimia.

"Wataniita mimi," alisema Mjomba. "Basi hata kwenye picha niitwe mimi."

Hapo bado mambo yangeweza kutengenezeka. Mjomba hakuwa mtu wa kisirani. Alitaka kuombwa tu. Lakini mkalimani alipoletwa na kuelezwa, alicheka. Alisema hizi ni siku za serikali na ndege, tena mtoto mwenyewe anapewa taa, hapewi bunduki. Mjomba aliichukua fimbo yake. Alisema ombi lililopelekwa mlango usio wake hurudishwa kwa adabu, halirudishwi kwa kicheko, na kwamba mimi sitashika taa ya mtu yeyote. Mama alilia jikoni. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa bado nadhani Mungu hawezi kuruhusu jambo kama lile.

Wakamchukua Bakari. Alikuwa akikaa kwetu ili asome chuo, rika langu, mtoto mzuri wa sura asiyeweza kumwiga hata paka. Naye ni mwana wa kumzaa wa Mjomba Hamisi. Nilijua kwamba hilo nalo litakatazwa, nikangoja kwa furaha. Lakini Bakari alikuwa na mjomba wake mwenyewe, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, pale mjini, na mkalimani safari hii alikuwa ameshajifunza. Alikwenda na halua na kahawa, akavua viatu vyake, akaomba kwa lugha ya heshima. Yule mfanyabiashara akaridhia. Mjomba Hamisi alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka kama mgeni mwingine yeyote, akinywa kahawa, kwa kuwa kijana aliyemzaa hakuwa wake wa kumkataza. Mimi niliona njama tu. Nilimwambia mama kwamba kaka yake ameninyima ili ampe mwanawe. Mama aliniambia, "Aliyempa Bakari kiti ndiye aliyekupa wewe kumbi. Kalia kumbi lako." Nilitamani kulitupa baharini.

Walipiga picha ile mchana wa jua kali. Jambo la ajabu ni kwamba katika hadithi ilikuwa usiku, na Wazungu walijua namna ya kuugeuza mchana kuwa usiku ndani ya kamera. Kwa hiyo Bakari alitembea na taa ya mafuta iliyowashwa saa sita adhuhuri, nyuma yake Mzuri akipapasa gizani, na mji mzima umejikalia chini ukicheka. Bi Mejumaa aliuliza kwa sauti kama Wazungu wale wamepungukiwa na akili. Bakari alikosea. Alitembea haraka, kisha polepole, akatazama kamera, akajikwaa. Walirudia na kurudia. Nami nilikuwa kando, kwenye kivuli cha banda la makuti, na miguu yangu ikitembea mahali pamoja jinsi ilivyopasa kutembea.

Bwana Makunyanzi alikuwa ameketi kwenye kasha karibu yangu, amevaa koti la karani, akingoja zamu yake. Nilimtazama na nikaona midomo yake inakwenda. Mzuri alipokuwa akisema maneno yake kule juani, Bwana Makunyanzi aliyasema kimya huku kivulini, yote, na uso wake ukawa uso wa nahodha. Sijui nilijuaje, lakini ile mikunjo ilipotea. Akawa kijana, akawa na bahari mbele yake. Mzuri kule alikosea neno, akacheka, wote wakacheka naye. Huyu hakucheka. Kisha akageuka, akaiona miguu yangu.

Alimwita mkalimani, akauliza neno moja, akalijaribu mdomoni mara mbili. Halafu alinielekezea kidole, akajielekezea mwenyewe.

"Wivu," alisema.

Nilikubali kwa kichwa. Alisema tena kwa kirefu, na mkalimani akanieleza akitazama pembeni, kama mtu aliyeona aibu kwa ajili ya mwingine: "Bwana anasema anayajua maneno ya kila mzuri aliyepata kusimama mbele yake. Anasema mzuri akiumwa koo siku moja, yeye yuko tayari."

Nikauliza kama imewahi kutokea.

Mkalimani hakuhitaji kungoja jibu refu. "Anasema wazuri hawaumwi koo."

Wakaondoka wiki ile. Bakari aliachiwa kaptula, kofia ya turubai na jina la Bwana Sinema. Kila jioni alisimulia upya, na kila jioni taa ilizidi kuwa nzito na Mzuri alizidi kuwa rafiki yake. Wageni walipokuja aliitwa atembee kama alivyotembea. "Na wewe Rashidi," aliniambia mbele yao, "wewe ulishika nini? Ulishika kivuli." Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu nilijua kuiga kicheko pia. Asubuhi iliyofuata ndiyo nilipokipita kisima.

Nilitembea siku nzima kufuata ile harufu. Nilipita mashamba ya minazi, kisha miwa ikanizingira pande zote, mirefu kuliko nyumba. Reli ndogo ya kubebea miwa ilinipeleka mpaka kiwandani, na jua lilikuwa linashuka nilipofika kwenye laini za wafanyakazi, nyumba za bati zilizopangwa kama madaftari, watu wa makabila niliyokuwa sijayasikia wakikoga na kupika. Mama mmoja mnene wa kutoka Nyanza, aliyewapikia wakata miwa uji, aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwonyesha uso nilioona Bwana Makunyanzi akiutumia kwa mganga anayeleta habari mbaya, nikasema mimi ni yatima. Alinitazama huku akikoroga sufuria.

"Hiyo uso peleka kwa nyanya yako," alisema. "Hiyo njaa ndiyo ya ukweli. Kaa chini."

Alinipa uji, akanipa magunia mawili ya sukari ya kulalia nyuma ya jiko lake. Kesho yake alimtuma dereva wa lori Msambweni kuwaambia wazazi wangu kwamba niko hai na ninakula sana. Baba alikuja, akanitazama nikibeba kuni, akarudi peke yake. Chuo na shule viliishia hapo. Ramisi ilinipeleka Vanga, Vanga ikanipeleka Tanga, na tangu hapo sijapata kukaa mahali mpaka nikapajua pa kuzikiwa.

Mtembezi hula miguu yake, lakini miguu yangu ilinilisha mengi. Televisheni zilipoanza kuingia kwenye mahoteli na mabaa, nilisimama milangoni kutazama, na nilimwona. Nilimwona Mombasa, akiwa askari anayebisha hodi. Nilimwona Nairobi akiwa padri, kisha mwenye duka anayesema hakuona kitu. Nilimwona Diani, kwenye hoteli nilikofagia bwawa, akiwa babu kitandani, na vijana wazuri wamemzunguka wakingoja urithi. Wazuri walibadilika kila mara na sikumtambua hata mmoja. Yeye alizidi kuzeeka. Nilipowaambia watu kwamba namjua, hakuna aliyesadiki, na hakuna aliyejua jina lake, hata mimi.

Mwaka huu nilikwenda kumwona Bakari. Ana minazi, ana wajukuu, ana msikiti karibu na mlango. Sasa baba ndiye anayeombwa, na vijana wakisikia habari za mjomba na fuko wanauliza kama ni hadithi. Msambweni ina lami na hospitali kubwa, na mtoto yeyote hujipiga picha mwenyewe akicheza, akaituma duniani kabla ya chai, bila kumwomba mtu. Bakari amesahau karibu yote. Alisema anakumbuka jua, na kwamba taa ilimchoma mkono.

"Mimi niliambiwa tembea, nikatembea," alisema. "Wewe ndiye uliyeketi naye. Nilikuwa nawaona kule kivulini mnazungumza, roho inaniuma. Ndiyo maana nilikuwa nikikuchokoza."

Nilitaka maneno hayo yanitoshe. Niliyasikiliza vizuri, nikayageuza, nikangoja yashuke moyoni kama maji.

"Basi tubadilishane," nikamwambia. "Nipe ile taa, mimi nikupe kivuli."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Bakari alicheka mpaka akakohoa, akawaita wajukuu waje wasikie. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi kwetu ni watani, na neno la mtani halichukuliwi kwa uzito. Alinimiminia kahawa nyingine. Nikainywa, na sikumwambia kwamba sikuwa nikitania.