Shujaa Wangu wa Mifuko ya Saruji

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima Mazingara, kijana mwembamba mwenye kaptura pana na majivuno mapana zaidi. Nilimpenda mjukuu wa bibi mmoja aliyesifika kijiji kizima kwa hadithi. Bibi ndiye aliyemlea, na bila neno lake posa yangu isingepokewa. Nikajipa moyo kwamba nitamshinda bibi kwa hadithi.

Korogwe nilikuwa nimeona katuni kwenye gari la sinema: jitu lenye joho linaruka angani na kukamata majambazi. Nikachora la kwangu kwenye karatasi za mifuko ya saruji nilizoziomba kwa mafundi wa ujenzi kule Hale, nikaziunganisha kwa gundi ya unga wa muhogo, nikaziviringisha kwenye vijiti viwili ndani ya sanduku la sabuni. Shujaa nilimpa kifua cha fahali, suti chini ya joho, na uso wangu. Mwizi wa mahindi ya ghala nilimkondesha. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumtazama nikimchora, nilimpa huyo mwizi miguu yangu mwenyewe.

Siku ya onyesho uwanja ulijaa mapema, jua likiwa bado kali. Bibi alikaa mbele, mjukuu kando yake. Nikazungusha vijiti. Shujaa alipotokea tu, watu wakazomea.

"Mnyonyaji! Kupe huyo!"

Ndipo nikakumbuka picha iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji: mnyonyaji ana suti na mwili wa kushiba, mnyonge amebaki mbavu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuisoma picha ile, na walikuwa wameelewa vizuri mno.

Mwizi alipotokea wakashangilia. "Kimbia, mwanangu!" bibi akapaza sauti. Nikaeleza kwamba huyo ndiye mhalifu, hakuna aliyenisikiliza. Nikazungusha haraka nifike pale anapokamatwa, karatasi ikachanika, mwizi akabaki huru. Vigelegele vikapigwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjukuu akamwinamia bibi yake, lakini kunong'ona hakukujua. "Bibi, mwizi ana miguu ya mwalimu."

Bibi akaitazama picha, kisha akaitazama kaptura yangu bila haraka yoyote.

"Mwalimu, huyu mwembamba ameoa?"

"Bado, bibi."

"Basi mwambie kesho aje kula kwangu. Huyo mnene abaki humo sandukuni."