Shangazi Aliyekalia Spika Yangu

Leo shangazi yangu amekula pilau akiwa amekalia spika niliyoiunda kwa mikono yangu.

Tupo Ikwiriri, harusi ya mdogo wangu. Nilikuja na spika zangu mbili: mbao za kitanda kibovu, vipaza sauti vya gari lililokufa, ndani nimejaza sufi ya mto wangu ili sauti isivume.

Shangazi akaziangalia. "Mwanangu, usitutie aibu na masanduku ya kuku."

Akakodi spika kubwa zenye taa za rangi, akazielekeza barabarani. Kwetu shughuli isiyosikika mpaka stendi si shughuli.

Zangu zikawa viti.

Sasa ikafika dua ya babu, baba yake shangazi. Anaumwa, yuko Mbuchi, hakuweza kupanda boti, kwa hiyo walimrekodi kwenye simu.

Spika za kukodi zikanguruma tu. Watu wakaanza kuulizana babu kasemaje.

Nikamfuata shangazi. "Shangazi, inuka."

"Unasemaje?"

"Inuka umsikie baba yako."

Akainuka. Nikaunga waya wa simu kwenye spika zangu.

Babu akakohoa kidogo, akavuta pumzi, akamwita bibi harusi kwa jina lake la utotoni. Kila neno likasikika uwanja mzima. Shangazi kasimama, mkono mdomoni.

Dua ilipokwisha akaniambia, "Rudia."

Nikamwambia nitarudia, ila sahani yake aitoe juu ya spika.

Na nyinyi mlioniambia humu mtandaoni kwamba mimi mwanamke, niache randa nikasuke mikeka, njooni msikilize. Mikeka ya kukalia tunayo.